Boma lililopanda mlima: siku sita kutoka Mazinde hadi Lushoto

Cheti changu cha kuzaliwa kimeandikwa Lushoto. Miaka yote nimekuwa nikijaza fomu, "mahali pa kuzaliwa: Lushoto", na mtu akiniuliza kukoje nasema kuna baridi, basi. Baba alikuwa karani pale bomani, yaani kwenye ofisi za wilaya, akahamishwa nikiwa na miaka miwili. Juni 2024 nilipata likizo ya siku saba, nikaamua kwenda. Nilijiwekea sharti moja: nisiende moja kwa moja. Nilishasikia kwamba Lushoto ndiyo iliyochelewa, kwamba nchi ya Wasambaa ilikuwa na mji mkuu wake kabla Mjerumani hajachora ramani, na kwamba hata boma la Mjerumani halikuanzia Lushoto. Nikataka nipande kwa hatua zilezile.

Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari langu, ambalo kurasa mbili zimelowa chai, na picha za simu.

Alhamisi, 13 Juni 2024. Dar hadi Mombo

Nilifika stendi ya Magufuli saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sikukuu ya Idi el-Hajj ilikuwa Jumatatu, kwa hiyo nusu ya Wasambaa wa Kariakoo walikuwa wanarudi kwao. Nauli hadi Mombo nililipa shilingi 16,000. Aliyekaa jirani yangu alikuwa amempakata jogoo ndani ya kikapu, na nilipomwuliza kwa nini ampeleke jogoo mlimani badala ya kumnunua hukohuko, akasema, "Huyu si wa kuliwa, huyu ni zawadi."

Chalinze, daraja la Wami, Mkata: mtazame dirishani mkipenda, mimi nililala. Kabla ya Segera basi likazima. Dereva akashuka, utingo akashuka, halafu wanaume wote wakashuka kusaidia kutazama. Tulikaa hapo kwa muda wa saa mbili na dakika kumi. Mama mmoja mwenye genge kando ya barabara alitoa mikeka yake yote, akatutandikia chini ya mwembe, na hakumtoza mtu hata senti. Tulimnunulia machungwa kwa aibu mpaka yakaisha.

Kuanzia Korogwe mkonge unaanza kukuandama, mistari kwa mistari, na milima ya Usambara inasimama kulia kama ukuta. Huu mkonge wote una ukoo mmoja. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika hai 62 tu. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yaliyoubadilisha mkoa mzima wa Tanga. Mwaka huohuo wa 1893 ndipo kazi ya reli ilipoanza Tanga. Ilitambaa polepole sana: Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi haikuonekana hadi 1911. Nayaandika haya hapa kwa sababu bila Mombo kuwa na stesheni, Lushoto ingebaki bonde zuri la migomba.

Nililala Mombo, gesti ya shilingi 25,000, feni inafanya kazi, maji ya ndoo. Mombo ni joto na mbu. Chukueni chandarua chenu kama mna shaka.

Ijumaa, 14 Juni. Mazinde, boma la kwanza

Asubuhi nikamwambia kijana wa bodaboda anipeleke Mazinde. Akauliza, "Ya Chini au ya Juu, dada?" Nikasema Mazinde tu. Akacheka. Wasafiri wenzangu, shikeni hili: Mazinde Juu iko mlimani kweli, kuna shule ya wasichana inayojulikana, na mtu akikosea anaweza kupanda milima nusu siku bure. Niliyoitaka ni ya Chini, ile ya barabara kuu ya kwenda Same. Kwenda na kurudi pamoja na kunisubiri, 12,000.

Mazinde ya leo ni kijiji cha mkonge: nyumba, maduka machache, mbuzi wa Idi wamefungwa kila mti. Hakuna kibao kinachosema lolote. Lakini katika karne ya 19 hapa ndipo palipokuwa na nguvu. Semboja, mtoto wa mfalme Kimweri ye Nyumbai, alijenga hapa nyikani kwa sababu misafara ya pembe na watumwa kutoka Pangani kwenda bara ilipita hapa, na aliyeishika njia alipata bunduki. Kimweri alipofariki miaka ya 1860, ukoo ukagawanyika. Semboja akaupiga mji mkuu wa kule juu, Vuga, akautwaa. Jambo lililonifurahisha ni alilofanya baadaye. Hakupanda kukaa kwenye kiti. Alimweka mwanawe awe mfalme Vuga, yeye akarudi zake Mazinde kwenye biashara. Mfalme yuko juu, mwenye nchi yuko chini.

Wajerumani walipofika walilijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakaweka kituo chao hapahapa Mazinde, mlangoni kwa mzee. Kwa hiyo makao ya kwanza ya serikali ya kikoloni kwa nchi ya Wasambaa yalikuwa chini, kwenye vumbi, penye homa.

Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa anachonga mpini wa jembe kama anajua palipokuwa na kituo. "Mjerumani? Alikaa, akaugua, akapanda," akasema. Nimesoma maelezo marefu zaidi kuliko hayo, hayakuongeza mengi.

Kijana wa boda, ambaye kwenye simu yangu nimemwandika "Boda Mazinde Chini", alinisubiri saa nzima kivulini bila kunung'unika. Aliniambia yeye Lushoto mjini amefika mara mbili tu maishani: mara moja mahakamani, mara moja kufuatilia cheti cha mtoto. Yote mawili ni mambo ya bomani.

Mchana Mombo nilikula wali maharage na samaki, 4,000, nikapanda Hiace ya Soni. Kumi na nane tulikuwemo, nilihesabu, bila yule jogoo. Barabara inaanza kupinda palepale Mombo inapoishia. Upande mmoja mwamba, upande mwingine hakuna kitu. Kila kona dereva anapiga honi, na kila baada ya kona mbili hewa inapoa. Niliona abiria wakianza kutoa masweta kwenye mifuko, kwa utaratibu, kama watu wanaojua ni kona ya ngapi. Mimi sweta langu lilikuwa kwenye begi, begi lilikuwa juu ya gari. Nilifika Soni meno yanagongana. Bibi aliyekaa nyuma yangu alinifunika kanga yake ya pili bila kuniuliza, na tuliposhuka akakataa niivue mpaka nifike gesti. Akamtuma mjukuu wake anifuate kuichukua.

Jumamosi, 15 Juni. Vuga

Siku hii ndiyo niliyoiandikia kurasa nyingi kuliko zote.

Kutoka Soni nilichukua bodaboda hadi Vuga, 10,000 kwenda na kurudi. Njia ya udongo mwekundu, ilikuwa kavu. Mvua ikinyesha, tembeeni kwa miguu au msiende. Ni kwenye mgongo wa mlima, na ukigeuka unaona nyika yote kule chini imelala kwenye ukungu. Nilielewa mara moja kwa nini mtu angeweka mji hapa: hakuna mgeni atakayekufikia bila wewe kumwona tangu jana yake.

Mwenyeji wangu wa gesti alikuwa amempigia simu mzee mmoja wa pale. Nikamkuta amevaa koti na kofia, ananingoja barazani. Nilikuwa nimejifunza salamu ya Kisambaa njiani, nikaitoa: "Onga maundo." Akaitikia, akaongeza maneno matano ambayo sikuyaelewa, akaona uso wangu, akahamia Kiswahili. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu. Baba yako alikaa Lushoto hakukufundisha?" Hakunifundisha.

Habari ya Mbegha, mfalme wa kwanza wa Wasambaa, kila Msambaa anayo, na kila mmoja anaisimulia kivyake. Kama alivyonisimulia yeye: Mbegha alitoka Nguu. Alikuwa kigego, meno ya juu yalimtangulia, na mtoto wa namna hiyo hakutakiwa aishi. Aliishi. Alipokua, ndugu wakamnyima urithi, akawa mwindaji, akatembea na mbwa wake akiua nguruwe waliokuwa wanamaliza mashamba ya watu. Kila alikopita aligawa nyama, wenyeji wakampa chakula cha shambani. Watu wa Vuga wakasikia kuna mtu anayeua nguruwe na kuamua kesi bila upendeleo, wakamwita. Njiani usiku akaua simba. Asubuhi wale waliokuja kumpokea wakaiona ngozi. Ndiyo maana mfalme wa Wakilindi, ukoo wa kifalme uliotokana naye, akaitwa Simba.

"Hakuja na jeshi," mzee akasisitiza, akainua kidole. "Alikuja na nyama."

Nikamwuliza mji mkuu ulifanya kazi gani hasa, maana sisi wa leo tukisikia makao makuu tunafikiria ofisi. Akanijibu kwa maneno mawili ya Kisambaa yaliyopo bado kwenye daftari: kuzifya shi na kubana shi. Kuiponya nchi, na kuiharibu. Mfalme mwenye nguvu, asiye na mpinzani, nchi inapona, mvua inakuja. Wafalme wawili wakigombana, nchi inaharibika, njaa inaingia. Vuga palikuwa mahali pa kuletea kodi na kesi, ndiyo, lakini kwanza palikuwa mahali ambapo mvua ina mwenyewe. Mazumbe, yaani machifu, wa kila upande walileta mali huku kwenye kitala kikuu, makao ya mfalme. Mwaka 1848 mmisionari Johann Ludwig Krapf alipanda hadi hapa kuonana na Kimweri ye Nyumbai, na mwaka 1857 wakaja wasafiri Waingereza Burton na Speke, wote wakikuta mfalme ambaye neno lake lilifika karibu na bahari.

Nikaomba kuonyeshwa. Tukatembea. Palipokuwa na mji ni migomba, maharage, nyumba za bati, watoto wanaochunga ng'ombe mmoja mmoja. Sikukuta ukuta wala mnara. Mji wenyewe ulikuwa wa miti, udongo na majani ya migomba, na mwaka 1898 uliungua. Mzee alinyoosha mkono kwenye kichaka cha miti mikubwa akasema pale wamelala wakubwa, tusiende, tusipige picha. Hatukwenda, na picha sikupiga.

Kabla ya moto lakini palikuwa na jambo lingine. Mwaka 1895 Semboja alifariki kule Mazinde. Mwaka huohuo Wajerumani walimnyonga mwanawe Mputa, mfalme wa Vuga, kwa kosa la kuamuru mtu auawe. Mzee alilieleza hili kwa sauti ya chini, kama habari ya mwaka jana. Kwa mfalme, kuamua nani afe ilikuwa sehemu ya kazi. Kwa Mjerumani ilikuwa jinai. Kamba ile ilikuwa hukumu ya mtu mmoja, na pia ilikuwa tangazo kwamba mahakama imehama.

Wakati wa kuaga nilitaka kuacha elfu kumi. Akaikataa, akasema ninunue sukari nimpe yule mama aliyenikaribisha gesti, kwa sababu yeye ndiye aliyepiga simu. Halafu akanipa ndizi mbivu mkungu mzima. Niliubeba kwenye pikipiki mgongoni kama mtoto.

Jioni Soni: maporomoko ya maji yako karibu na barabara, kiingilio kidogo, dakika ishirini zinatosha. Usiku nilikula makande na chai ya tangawizi, 2,500.

Jumapili, 16 Juni. Lushoto

Soni hadi Lushoto 2,000, mwendo mfupi. Nilitaka kulia nilipokiona kibao, halafu muuza mapeasi akanigonga na beseni dirishani na ule moyo ukapita.

Jumapili ni siku ya soko, na hii ilikuwa siku moja kabla ya Idi, kwa hiyo mji ulikuwa umejaa mpaka mabondeni. Mapeasi, plamsi, viazi, karoti, kabichi kubwa kama kichwa cha ng'ombe. Vitu ambavyo Dar tunavinunua vikiwa vimechoka hapa vinatoka shambani vikiwa na umande. Kilo mbili za plamsi 3,000, na muuzaji akaongeza tano za "mwenyeji", baada ya kusikia nimezaliwa hapa.

Sasa Lushoto yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1890, wakati ambapo Vuga inaungua, Wajerumani waliliacha vumbi la Mazinde wakajenga makao yao ya wilaya katika bonde hili, kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari. Wakaliita Wilhelmstal, Bonde la Wilhelm, kwa jina la mfalme wao. Sababu kubwa ilikuwa hewa. Hapa hawakuugua, viazi viliota, ng'ombe wa maziwa waliishi, na wakubwa wa Pwani walipanda kupumzika. Ukiufikiria kama mji mkuu ni wa ajabu: hakuna njia ya misafara iliyopita hapa, wala mvua ya mtu yeyote haikuanzia hapa. Ulichaguliwa na watu waliokuwa wanatafuta usingizi mzuri.

Lakini mji haujengwi na hewa. Kodi ya kibanda ilianza 1898, na aliyekosa fedha alilipa kwa jasho. Mwaka 1907 boma la Wilhelmstal likaja na vipande: kila mwanaume Msambaa apewe kadi, na ndani ya miezi minne awe amefanya kazi siku 30 kwa mzungu. Asiyeijaza, anachukuliwa kwenye kazi za serikali. Nilipokuwa nashuka kutoka posta kuelekea sokoni, ukuta wa mawe wa kando ya barabara niliutazama kwa macho mengine.

Waingereza waliuchukua mji mwaka 1916 wakati wa vita, jina la Wilhelm likaondoka na wenyewe, Lushoto ikabaki. Boma hawakulihamisha. Uhuru ulipokuja halikuhamishwa vilevile, na mwaka 1963 utawala wa machifu ukafutwa kisheria, kwa hiyo hata lile jina la mfalme wa Vuga likabaki la heshima tu. Ndiyo maana baba yangu, mtu wa Dodoma, alipata kazi ya ukarani huku.

Nilikuwa na anwani moja tu kutoka kwa mama: "Nyumba ya tofali, nyuma kuna mpeasi." Niliwauliza watu watatu. Wa tatu, fundi viatu, aliweka kiatu chini, akanitazama kwa huruma: "Dada, hapa kila nyumba ina mpeasi nyuma." Alifunga banda lake hata hivyo, akanizungusha mitaa ya nyuma ya bomani kwa zaidi ya saa nzima. Tulipiga hodi nyumba nne. Kwenye ya tatu mama mmoja mzee alikumbuka karani wa Kigogo aliyekuwa hawezi baridi, aliyekwenda kazini amejifunga blanketi ndani ya koti. Sina ushahidi. Lakini nilimpigia mama simu, akacheka mpaka akakata.

Malazi: hosteli ya kanisa, 35,000 pamoja na kifungua kinywa. Ombeni blanketi la tatu mkifika, si saa nne usiku kama mimi.

Jumatatu, 17 Juni, Idi. Irente

Asubuhi watoto walikuwa wamejaa barabarani, nguo mpya, viatu vinawabana. Maduka mengi yamefungwa, bodaboda adimu, kwa hiyo nilitembea hadi Irente. Ni kama saa moja na nusu kwa mtu asiye na haraka, na huhitaji kiongozi kama unaweza kuuliza njia. Shambani Irente wanauza jibini, jamu na mkate mweusi. Chakula cha mchana kilikuwa 12,000, ghali kidogo lakini nilimaliza mkate wote. Nyumba mbili njiani niliitwa ndani kula pilau ya Idi na watu ambao hawakuniuliza jina hadi sahani ilipokwisha.

Kwenye ukingo wa mwamba wa Irente ardhi inakatika ghafla. Mlima unaisha kama meza, na chini, karibu kilomita nzima, ni nyika: mistari ya mkonge, barabara kuu, uzi wa reli, na kijiji kidogo kando yake. Kijana aliyekuwa anauza maji alinionyesha kwa kidole. "Ile Mazinde."

Ya Chini, nikamwuliza. Ya Chini.

Nilikaa pale muda mrefu. Kisha nikampigia Boda Mazinde Chini kumtakia Idi njema. Nikamwambia niko Irente, juu ya kichwa chake. Akauliza wapi hasa, nikamweleza mwamba ulipo. Akasema, "Ngoja nitoke nje." Nikasikia kwenye simu watoto, redio, mlango. "Punga mkono!" Nikapunga. "Nakuona!" akasema, na bila shaka alikuwa anadanganya. Halafu akapiga honi ya pikipiki mara tatu, nikaisikia vizuri kabisa, kwenye simu.

Jumanne, 18 Juni

Basi la saa moja asubuhi, 20,000 hadi Dar. Kateni tiketi siku mbili kabla kama ni baada ya sikukuu, mimi nilipata kiti cha nyuma kabisa. Plamsi zilifika salama. Mkungu wa Vuga niliugawa stendi Lushoto, isipokuwa ndizi sita nilizompelekea mama.